Kujichokonoa Ngozi: Anza na Dakika za Kabla ya Kidole

Kila anayejichokonoa chunusi, magamba ya vidonda au ngozi ya pembeni mwa kucha ameshaambiwa "acha, utaharibu sura". Anajua. Kujua hakumzuii, kwa sababu mara nyingi kidole kinafika kwenye ngozi kabla mwenyewe hajatambua kwamba ana hasira, ana aibu au amechoka. Ndiyo maana naona pa kuanzia ni zile dakika chache za kabla. Ngozi yenyewe tutaifikia.

Kwanza, hili ni tatizo linalotambulika kitabibu. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, umelipa nafasi yake lenyewe. Si uchafu, si utoto, wala si pepo.

Kuna kuchokonoa kwa namna mbili, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote. Kuna mkono unaotembea wenyewe: umekaa kwenye kosta stendi ya Moshi ukisubiri ijae, kidole kinapapasa kidevu, kinakutana na kipele, ukishtuka damu imeshatoka. Na kuna kwenda kwa makusudi: unajifungia bafuni, unawasha taa, unasogelea kioo, nusu saa inakatika. Kutambua hisia kunasaidia zaidi hii ya pili. Ile ya kwanza inataka zaidi vizuizi vya kushikika: plasta kwenye ncha ya kidole, kucha fupi, mikono mirefu, kitu cha kushika mkononi. Anayetegemea daftari la hisia peke yake kwa mkono unaotembea wenyewe atakata tamaa bure.

Ndani kunakwenda hivi. Hisia ngumu inapanda, mwili unabana, kuchokonoa kunaleta nafuu ya muda mfupi, kisha inakuja aibu. Aibu nayo ni hisia ngumu, kwa hiyo mzunguko unaanza upya. Kuna watu wanaopata shida kutambua na kutaja wanachohisi. Hali hiyo daktari wa akili Peter Sifneos aliipa jina la aleksithimia miaka ya 1970. Kwa mtu wa hivyo hasira haiji ikiwa na sura ya hasira. Inakuja kama taya kukaza, viganja kupata joto, au ngozi kuwasha pasipo na upele.

Basi chukua daftari dogo la mfukoni, utumie kwa siku 7. Wiki hiyo usijilazimishe kuacha. Ukijilazimisha utaanza kuficha matukio na daftari halitakuonyesha kitu. Kila ukichokonoa, au ukitamani tu, andika mstari mmoja: saa, mahali, mkono ulikuwa ukifanya nini, wapi mwilini pamebana, jina la hisia, na nguvu yake kuanzia 0 hadi 10. Kwa mfano: "Saa 3 usiku, chumbani, nimetoka kuongea na baba kuhusu ada, simu bado mkononi, koo limekaza, aibu 7."

Kuandika "stresi" hakutoshi. Stresi ya kudaiwa rejesho la kikoba na stresi ya kudharauliwa kazini hazitibiwi sawa. Ya kwanza ni hofu, na huenda ikapungua ukimpigia mwekahazina ukaomba muda. Ya pili ni uchungu, na inahitaji mtu wa kumwambia. Ukikosa jina, andika mwili peke yake: "tumbo limejikunja, 5". Inatosha kabisa. Kinachoharibu zoezi hili ni kuligeuza daftari kuwa orodha ya makosa, mtu anahesabu vidonda na kujisuta kila jioni. Hapo anajiongezea aibu ileile inayomrudisha kwenye kioo.

Wiki ikiisha utaona mambo mawili matatu yanajirudia. Chagua moja tu la kushughulikia.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia Nathan Azrin na mwenzake Nunn walichapisha mbinu ya kubadili mazoea ambayo hadi leo ndiyo msingi wa matibabu ya tatizo hili. Ukigundua mkono unapanda, fanya kitu kisichoweza kufanyika pamoja na kuchokonoa: kunja ngumi zote mbili, zikandamize mapajani, kaa hivyo dakika 1 hadi 3. Hapo ongeza kutaja hisia kwa sauti ya chini: "Nina hasira, 6, iko kifuani." Usiifukuze. Hamu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka hata usipoitii. Ikiwa bado ipo, rudia. Wengi hushindwa kwa sababu wanaijaribu mara ya kwanza hamu ikiwa 9. Ifanyie mazoezi ukiwa umetulia, mara kadhaa kwa siku, ili mwili uizoee.

Vidole vingine vinataka hasa ile raha ya kutafuta kingo na kubandua. Vipe kazi inayofanana na hiyo: kutoa ganda jembamba jekundu la karanga za kukaanga, kuambua maharage mabichi, kutunga shanga.

Sasa ngozi. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ngozi hukauka na kutoa magamba, na kila gamba ni mwaliko kwa kidole. Paka mafuta ya mgando ndani ya dakika 3 baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kidonda kioshe kwa maji safi na sabuni isiyo kali, paka mafuta ya mgando, funika kwa plasta, badilisha kila siku. Kidonda chenye unyevu hakitengenezi gamba gumu, hivyo kidole kinakosa ukingo wa kuvuta. Madoa meusi yanayobaki huchukua miezi kufifia. Tafadhali usiyakimbilie kwa mkorogo. Zebaki na steroidi zilizomo kwenye baadhi ya michanganyiko hiyo zinadhuru mwili. Steroidi hukondesha ngozi, na ngozi iliyokonda huchubuka upesi zaidi.

Kwa wa nyumbani: kukemea kunaongeza aibu. Mkubaliane ishara, kwa mfano dada amguse mdogo wake begani bila neno, na yeye akunje ngumi. Ishara achague mwenye tatizo.

Nenda hospitali kidonda kikiwa na joto, uvimbe, usaha au maumivu yanayozidi, au ukipata homa. Usisubiri wekundu, kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Ngozi ikiwasha muda wote, chunguzwa kwanza kama ni ukurutu au upele wa kuambukiza. Hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Ukifika kwa daktari wa ngozi, mwambie waziwazi: "Vidonda hivi najichokonoa mwenyewe, nashindwa kuacha." Asipojua hilo atatibu chunusi peke yake. Mwonyeshe lile daftari, na umwombe akuelekeze pia kwa mtaalamu wa afya ya akili.