Kukanda miguu na mikono wakati wa baridi

Ndugu, umeuliza kama masaji itaondoa ubaridi wa vidole vyako msimu huu. Itasaidia, ila kwa muda mfupi. Baridi ikizidi, mwili hubana mishipa midogo ya mikono na miguu ili joto libaki kwenye viungo vya ndani. Kwa hiyo vaa nguo za kutosha kifuani na kichwani kwanza, ndipo ukande. Kukanda huku unatetemeka ni kujichosha bure.

Pasha mafuta viganjani, anzia vidoleni ukipanda kuelekea moyoni, dakika 5 hadi 10 kila mguu. Usikandamize sana (wapo wanaodhani bila maumivu hakuna kazi, si kweli). Kisha tembea. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu yenyewe ya kurudisha damu juu.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, usiuguse kwa masaji: huenda damu imeganda ndani. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kama una kisukari na ganzi, mwone daktari kabla ya kuanza, na usiloweke miguu kwenye maji ya moto.