Muulize Fundi: Namba za gari la kale zinakuruhusu kwenda wapi?

*Shikamoo Fundi. Baba mdogo ameniachia Mercedes ya mwaka 1972, nzima kabisa. Naishi jimbo la Virginia, Marekani. Rafiki yangu ananishauri nichukue namba za magari ya kale: unalipia mara moja, na ukaguzi wa kila mwaka unakuondokea. Nikizichukua, nitaruhusiwa kwenda nalo kazini angalau Ijumaa?*
*Mrithi*

Marahaba. Rafiki yako kasema kweli, ila kakupa nusu ya habari.

Virginia gari huitwa la kale likifikisha miaka 25, na lako limeshapita zamani. Namba ukizipata hazihuishwi kila mwaka. Lakini kwenye fomu unatia sahihi kwamba una chombo kingine cha shughuli za kila siku, na wengi hupita hapo haraka wakidhani ni maneno ya kujaza karatasi. Sheria inazitaja safari zenyewe: maonyesho, gwaride, matembezi ya chama cha wenye magari hayo, kulijaribu barabarani, kwenda gereji, na kutembea kwa starehe mara moja moja bila kuvuka maili 250 kutoka nyumbani, yaani kama kilomita 400. Kubeba abiria wa kulipa hakumo. Safari za kila siku za kazini zimetajwa waziwazi kuwa ni marufuku.

Najua utaniambia Ijumaa si kila siku. Katazo hilo, hata hivyo, limewekwa kama mfano mmoja tu wa matumizi ya kawaida ya usafiri, na kwenda kazini ni matumizi ya kawaida hata ukienda umevaa suti ya harusi. Pennsylvania wangekuelewa zaidi, maana wao wanaruhusu safari za hapa na pale zisizozidi siku moja kwa wiki. Kwa Virginia, sikushauri ubishane hivyo na askari, na sikushauri kabisa ubishane hivyo na kampuni ya bima baada ya ajali. Bima za magari haya huwa nafuu kwa sababu mwenye gari ameahidi litalala bandani siku nyingi. Ukigongwa saa mbili asubuhi karibu na ofisi yako, hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.

Kama moyo wako uko kwenye hiyo Ijumaa, lisajili kama gari lolote. Hakuna anayekulazimisha uchukue namba maalumu eti kwa sababu gari ni kongwe. Utalipeleka kukaguliwa kila mwaka, jambo ambalo kwa breki za 1972 mimi ningelifanya hata bila sheria, kisha utaenda unakotaka.

*Fundi, niko Ujerumani. Volkswagen yangu ilisajiliwa mara ya kwanza mwaka 1990 na nataka ile namba ya magari ya kale yenye herufi H mwishoni. Mwenye gari wa mwanzo alibadilisha rimu na usukani. Watanikataa?*
*Dada wa H*

Inategemea alibadilisha lini, na kwa vitu gani. Miaka 30 unayo. Kinachobaki ni mkaguzi aliyeidhinishwa kuthibitisha kwamba gari limetunzwa vizuri na liko katika hali yake ya asili. Mabadiliko ya kawaida ya zama zile, yaliyofanyika ndani ya miaka 10 tangu usajili wa kwanza, hukubaliwa. Kwa hiyo tafuta risiti za zamani au picha zenye tarehe. Rimu za juzi zivue kabla hujaenda.

Halafu piga hesabu ya kodi. H ina kodi moja kwa magari yote, euro 191.73 kwa mwaka, wakati kodi ya kawaida hufuata ukubwa wa injini na usafi wa moshi. Injini kubwa isiyo na katalisti, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi, inaokoa fedha nyingi. Injini ndogo yenye katalisti inaweza kujikuta inalipa zaidi kwa kupewa heshima ya uzee! Uzuri wa H ni kwamba haikufungi: unaendesha siku yoyote, na unaingia maeneo ya miji yanayozuia magari yenye moshi mchafu. Jirani zako Waholanzi wana msamaha kamili kuanzia miaka 40, ila wenye magari ambayo hayajafikisha umri huo lakini yako kwenye utaratibu wao wa mpito hulipa kodi iliyopunguzwa, na Desemba, Januari na Februari hawaruhusiwi kuyatoa barabarani.

*Karani ananiambia mfumo unataka namba ya chesisi yenye tarakimu 17. Gari langu la 1958 lina nane tu. Fundi mmoja amejitolea kunichongea zilizobaki. Nikubali?*
*Mwenye Nane*

Mkimbie huyo fundi. Kugonga au kuongeza namba kwenye chesisi ni kosa la jinai karibu kila nchi, na ukishafanya hivyo gari lako halali linafanana na la wizi. Tarakimu 17 zilianza kuwa lazima Marekani kwa magari ya mwaka wa modeli 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake, na kuna magari yaliyosajiliwa kwa namba ya injini, ndiyo maana injini ya zamani usiitupe hata kama imekufa.

Mwombe karani akupeleke kwa mkubwa wake, kwa sababu ofisi nyingi zina njia ya kuingiza namba fupi kwa mkono. Nenda na picha ya namba ilipogongwa, na nakala yake: weka karatasi nyembamba juu ya namba, sugua kwa penseli iliyolala, itatokea yote. Viwanda kadhaa vikubwa vina hifadhi ya kumbukumbu na hutoa barua inayoonyesha gari lilitoka lini na likiwa na injini gani. Na mpaka mambo yaishe, usiruhusu mtu wa bodi apitishe msasa wa umeme wala kupulizia mchanga mahali hapo. Nimeona namba nzuri ikiyeyuka hivyo mchana mmoja, mwenye gari akiwa amesimama pembeni anashangilia chuma kinavyong'aa.

*Uingereza: Morris ya 1961, haina mikanda. Naweza kumpakia mwanangu wa miaka miwili? Na kwa kuwa kodi ni sifuri, niache kuomba?*
*Baba Morris*

Mtoto, hapana. Gari lisilo na mikanda haliruhusiwi kubeba mtoto wa chini ya miaka 3, na akishatimiza atakaa nyuma tu. Kodi unaiomba kila mwaka hata kama hulipi kitu. Ukaguzi wa kila mwaka umesamehewa tangu Mei 2018 kwa magari ya zaidi ya miaka 40 ambayo hayajabadilishwa sana, lakini likikamatwa na tairi kipara utaadhibiwa kama mwenye gari jipya.