Jaribu Tesseract kabla ya kulipia leseni

Ndugu yangu, umeuliza utumie zana gani kutengeneza programu ya kuskani majalada ya zamani ili yatafutike kwa maneno. Kabla hujalipia chochote, jaribu Tesseract, programu inayosoma maandishi yaliyo kwenye picha na kuyageuza kuwa maneno ya kompyuta. Ilianzia kampuni ya HP, ikatolewa bure kwa wote mwaka 2005, na ina data ya kusomea Kiswahili. Msimbo wa lugha hiyo ndani ya programu ni "swa". Lakini nakusihi, shughulikia picha kwanza: skani kwa DPI 300 (nukta 300 kwa kila inchi), nyoosha kurasa zilizokaa mshazari, ondoa madoadoa. Hapo ndipo wengi hukwama, kisha wakailaumu programu bure. Ukitaka PDF inayotafutika, OCRmyPDF, zana inayotumia Tesseract kuongeza maandishi kwenye PDF zilizoskaniwa, inatosha. Kwa mwandiko wa mkono, usiitegemee Tesseract. Kurasa hizo mzichape wenyewe.