Kalamu ya kazi za nje: ushauri kwa mnaoanza

Ukianza kazi ya kupima, kukagua au kukusanya takwimu nje ya ofisi, utaelekezwa kuhusu viatu, kofia, vifaa na fomu. Kuhusu kalamu hutaambiwa kitu. Kila mtu anachukua iliyo karibu, na mvua ikishuka au jua likikaza ndipo wanagundua kwamba kazi ya siku nzima imeandikwa kwa kitu kisichoifaa. Kipimo ambacho hakikuandikwa vizuri ni kipimo ambacho hakikuchukuliwa, na hakuna msimamizi makini atakayekubali ukijaze kwa kukumbuka. Kwa hiyo naomba mlichukulie hili kwa uzito.

Kabla ya kuchagua, jiulize mambo mawili na usiyachanganye. Je, kalamu hii itaandika pale nitakapokuwa? Na je, nitakachoandika kitasomeka baada ya miezi? Wengi hujiuliza la kwanza tu. Zipo kalamu zinazoandika vizuri sana kisha maandishi yanapotea, na hizo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu kalamu iliyogoma unaiona hapo hapo.

Tuanze na kalamu ya kawaida, ile ya gololi, ambayo muundo wake wa kisasa aliusajili Mhungaria László Bíró mwaka 1938. Gololi ndogo imekaa kwenye ncha. Ukiivuta juu ya karatasi inazunguka, na inapozunguka inachukua wino mzito wa mafuta kutoka ndani na kuupaka nje. Mambo mawili yanaifanya ifanye kazi: karatasi yenye mkwaruzo wa kuizungusha gololi, na uzito wa wino wenyewe unaoshuka kuelekea kwenye ncha. Ukiyaelewa hayo mawili, karibu kila tatizo la kalamu utalijua chanzo chake.

Karatasi ikilowa, gololi inateleza badala ya kuzunguka, na wino wa mafuta haushiki palipo na maji. Karatasi ikiwa na grisi, au hata jasho la kiganja pale mkono ulipolala, gololi inajipaka mafuta na kuanza kurukaruka: herufi mbili zinatoka, ya tatu haipo. Ukiandika huku karatasi umeiegemeza ukutani au umeishikilia juu ya kichwa, wino unarudi nyuma, hewa inaingia kwenye ncha, na baada ya mistari michache kalamu inakata. Kwenye baridi kali wino unakuwa mzito mno. Vumbi na mchanga laini huingia kati ya gololi na kitako chake, na hapo hakuna dawa.

Kuna dalili moja ya kuizoea mapema. Kalamu inayokata wino huacha mfereji mkavu kwenye karatasi. Ukiwa unaandika haraka huku umemtazama mtu anayekusomea namba, hutauona. Kwa hiyo kila baada ya safu moja ya fomu, tupia jicho ulichoandika. Ikitokea umegundua baadaye, usikandamize maandishi mapya juu yake. Laza penseli laini kiubavu na uipitishe taratibu bila kukandamiza. Karatasi inapata weusi, mifereji inabaki myeupe, na mara nyingi namba inasomeka. Kisha iandike pembeni, na useme kwamba umeisoma kwa njia hiyo.

Sasa machaguo. Ninaloanza nalo daima ni penseli. Inaandika juu chini, kwenye baridi na kwenye joto, na risasi yake haiyeyuki katika maji. Chukua yenye alama ya HB (ugumu wa wastani) au B (laini kidogo). Zilizo ngumu zaidi zinachana karatasi iliyolowa. Udhaifu wake ni kwamba inafutika na inafifia kwa kusuguana kurasa, na baadhi ya taasisi hazikubali penseli kwenye kumbukumbu rasmi. Waulize wakuu wako kabla, siyo baada.

Chaguo la pili ni kalamu yenye mrija wa presha. Ile inayojulikana zaidi ni ya Paul Fisher, Mmarekani aliyeitoa katikati ya miaka ya 1960. Ndani ya mrija kuna gesi ya naitrojeni inayousukuma wino, hivyo hautegemei kushuka wenyewe, na wino ni mzito kama ute hadi gololi inapouzungusha ndipo unalainika. Kiwanda kinaitangaza kuwa inaandika kuanzia nyuzi 35 chini ya sifuri hadi 120 za Selsiasi. NASA, shirika la anga la Marekani, iliipeleka angani kwenye chombo cha Apollo 7 mwaka 1968. Mtasikia hadithi kwamba Wamarekani walitumia mamilioni ya fedha za umma kuitengeneza huku Warusi wakitumia penseli tu. Si kweli. Fisher aliigharamia mwenyewe, Wasovieti nao waliinunua, na sababu ya kuihitaji ilikuwa ya maana: vipande vya risasi ya penseli vinavyoelea ndani ya chombo vinaweza kuingia kwenye mitambo ya umeme.

Kwa kazi za ukutani, kwenye ngazi na juani, mrija wa presha unalipa. Lakini una tabia ya kukusanya donge la wino kwenye ncha, kwa hiyo futa ncha kwa kitambaa kabla ya kuandika namba ndogo. Na msitarajie muujiza kwenye karatasi ya kawaida iliyolowa chapachapa. Hapo tatizo ni karatasi. Zipo karatasi zilizotengenezwa kwa ajili ya mvua. Hizo pamoja na penseli au mrija wa presha ndiyo mchanganyiko ninaouamini.

Kwenye plastiki, chuma na vifuko vya sampuli, tumia maka ya kudumu, na uache ikauke kabla hujaigusa. Kumbuka tu kwamba spiriti na asetoni zinaiondoa. Sampuli ikihifadhiwa kwenye spiriti, weka ndani kipande cha karatasi imara kilichoandikwa kwa penseli.

Kalamu za jeli zinapendwa kwa ulaini wake, nami sizikatai mezani. Ila jeli ni wino wa maji. Iliyotengenezwa kwa rangi za kuyeyuka itatiririka ikilowa hata baada ya kukauka. Iliyotengenezwa kwa chembe za rangi inavumilia zaidi. Ukitaka uhakika wa maandishi kudumu, tafuta kwenye mrija au kifungashio alama ya kiwango cha kimataifa, ISO 12757-2 kwa kalamu za gololi, au ISO 27668-2 kwa za jeli. Wino wenye alama hizo umejaribiwa kwa mwanga, maji, kufutwa na kemikali.

Kuna aina moja nawasihi msiibebe kabisa kazini: kalamu inayofutika kwa kusuguliwa. Wino wake hupoteza rangi kwa joto, kwenye nyuzi kama 60 za Selsiasi. Daftari likiachwa juani nyuma ya kioo cha gari, kurasa zinaweza kuwa nyeupe. Baridi kali ya friza huweza kuyarudisha maandishi, lakini data haitunzwi kwa kutegemea friza.

Kuhusu umbo sitasema mengi. Chuma kinadumu kuliko plastiki, kibano cha chuma hakikatiki haraka, na rangi kali husaidia kuiona ikianguka kwenye majani. Chagua inayopokea mrija wa aina inayopatikana popote. Mwili mzuri usio na mrija hauna kazi. Ya kubonyeza inafaa ukiwa na mkono mmoja, yenye kifuniko inafaa palipo na vumbi.

Kalamu ikianguka kwa ncha kwenye sakafu ngumu, ijaribu kwa mistari mirefu ya pande zote kabla ya kuiamini tena, maana kitako cha gololi kikipinda hakinyooki. Ikikata wino kwa sababu ya hewa, iache imesimama ncha chini kwa muda. Ikishika grisi, izungushe kwenye kipande cha karatasi safi. Kwenye baridi, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, na penseli iliyochongwa ncha mbili ikae mfuko mwingine, siyo huo huo.