Kumkumbuka kaka aliyebadilika baada ya kuumia

Dada yangu wa Wete, pole sana kwa msiba. Umeuliza iwapo katika hitma mumtaje marehemu kaka yako kama alivyokuwa kabla hajaanguka mkarafuuni tu, kwa kuwa baada ya kuumia ubongo alijaa hasira na matusi ambayo watoto wake hawajayasahau.

Kwa maoni yangu, msiifiche miaka hiyo, bali waelezeni watoto. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayomsaidia mtu kuzuia ghadhabu na kupima maneno kabla hayajamtoka. Ikijeruhiwa, mpole anaweza kugeuka mkali bila ya kukusudia, kama alivyoshuhudia daktari wa Phineas Gage, mjenzi wa reli wa Marekani ambaye mtaimbo ulimpenya kichwani mwaka 1848 akaishi hadi 1860. Watoto wakilijua hilo, pengine wataacha kudhani kwamba baba yao aliwachukia.

Umeandika pia, kama jambo dogo, kwamba hata aliposahau majina yao alikuwa akikaa jamvini akichambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, bila ya kukosea. Hilo lisimulieni, maana ni lake na ni la baada ya ajali.

Mjane wake, kwa upande mwengine, msimlazimishe kusema lolote siku hiyo. Aliyemuuguza muda wote huo huenda kwanza anahitaji usingizi.