Pikiniki ya ufukweni bila mkate wala chapati

Dada, kwa watu wanne mnaokwenda Kigamboni kesho na mnakula paleo (hakuna nafaka, jamii ya kunde, maziwa wala sukari), tegemeo lenu liwe kuku. Mchome leo jioni. Usimfunike akiwa wa moto: mvuke hugeuka maji, ngozi inalegea na nyama huchacha upesi. Mkatekate vipande apoe haraka, na ndani ya saa mbili awe kwenye friji. Kesho mpange kwenye boksi la barafu katikati ya chupa za maji ulizogandisha, zikiyeyuka, mtakunywa. Joto likipita 32°C, nyama isikae nje zaidi ya saa moja.

Mayai manane chemsha dakika 10, yabebe na maganda yake. Viazi vitamu vitaziba pengo la chapati. Parachichi beba zima, kata hukohuko, kamulia ndimu. Kachumbari usiitie chumvi nyumbani, nyanya zitamwaga maji yote. Karanga acha, hizo ni jamii ya kunde. Chukua korosho, lakini soma pakiti kwanza, nyingine zimepakwa sukari. Juisi za boksi sahau kabisa. Madafu mtayapata hukohuko.