Kabla ufunguo wako wa Debian haujaisha muda

Ukianza kuchangia Debian, mfumo huria wa uendeshaji wa kompyuta, utaambiwa mapema utengeneze ufunguo wa OpenPGP, yaani ufunguo wa kidijitali wa kutia sahihi, kwa programu ya GnuPG (amri yake ni gpg). Wengi huuchukulia kama hatua ya kujisajili: ikishapita, imepita. Lakini mradi huu ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 hauna ofisi ya kukutambua kwa sura. Ukipakia kifurushi cha programu au ukipiga kura, kinachothibitisha kuwa ni wewe ni sahihi ya ufunguo huo. Utautunza miaka yote utakayokuwa nasi.

Swali linalowatisha wageni ni la tarehe ya mwisho ya ufunguo. Tarehe ikipita, ufunguo haujafa. Maadamu unao ufunguo mkuu wa siri, unaweza kusogeza tarehe mbele hata kama imeshapita. Alama yake ya utambulisho (fingerprint), ya herufi na tarakimu 40, inabaki ileile, na sahihi ulizopewa na wenzako kuthibitisha kuwa ufunguo ni wako hazipotei.

Kinachokwamisha ni kwamba funguo ndogo zilizo chini ya ule mkuu, ambazo ndizo hutumika kwa kazi za kila siku, zina tarehe zake. Ukisogeza ya mkuu peke yake, huenda bado ukashindwa kutia sahihi. Amri ya gpg --quick-set-expire, ikifuatwa na alama ya ufunguo na muda mpya, hugusa mkuu tu. Irudie ukiongeza '*' mwishoni ili zile ndogo ambazo hazijaisha muda nazo zisogee. Kisha tuma. Tarehe mpya iliyo kwenye kompyuta yako haijulikani na mtu mwingine yeyote. Itume kwenye seva ya keyring.debian.org, halafu usubiri, maana wanaotunza hazina ya funguo za wanachama wanajitolea kama wewe, na kwa kawaida huingiza mabadiliko mara moja kwa mwezi. Ukishtuka siku mbili kabla, unaweza kukaa wiki kadhaa bila kupakia kitu, na yakiwa majira ya kumchagua kiongozi wa mradi, kura inakupita. Anza miezi mitatu kabla. Weka ukumbusho kwenye simu leo.

Kubadilisha ufunguo wenyewe ni habari nyingine kabisa. Kufikia mwanzo wa 2015, Debian iliondoa kwenye hazina yake funguo za biti 1024 kwa sababu zilikuwa dhaifu, na watu waliochangia kwa miaka wakajikuta nje mpaka wapate ufunguo mpya wenye sahihi za wenzao. Kwa kawaida zinatakiwa sahihi za wanachama wawili, na desturi ni wawe wamekutana nawe ana kwa ana na kuona kitambulisho chako. Anayeishi Berlin huenda akawapata jioni moja. Wewe uliye Mbeya au Kisumu huenda ukasafiri nchi nyingine. DebConf, mkutano wa kila mwaka wa Debian, ilikuja Afrika mwaka 2016, Cape Town, na hata huko ni mbali na nauli ni kubwa. Naliona hili kuwa dhuluma isiyokusudiwa, na ndiyo sababu nasisitiza hivi: kwetu, kupoteza ufunguo kuna gharama kubwa kuliko kwa wenzetu.

Basi ufunguo mkuu usikae kwenye kompyuta unayotembea nayo. Uweke kwenye flashi mbili, nyumba mbili tofauti, na nakala ya karatasi. Programu ya paperkey hutengeneza nakala hiyo ya karatasi. Kwenye kompyuta acha funguo ndogo tu, ili ikiibwa ubatilishe hizo na kutengeneza nyingine bila kuomba sahihi upya. Cheti cha kubatilisha, yaani faili la kutangaza kuwa ufunguo wako usiaminiwe tena, ambacho GnuPG hukitengeneza yenyewe tangu toleo la 2.1, kihifadhi mbali na ufunguo.

Na usiridhike na sahihi mbili. Kila unapokwenda mkutano wowote wa programu huria, Nairobi au Kampala, uliza kama kuna mwanachama wa Debian, hata kama huna haraka. Beba pasipoti na karatasi ndogo zilizochapwa alama ya ufunguo. Hakikisha jina lililo kwenye ufunguo linafanana na la pasipoti. Sisi wenye majina matatu tunaotumia mawili, au jina la utani, hukataliwa hapo. Nawe ukipewa karatasi ya mwenzako, ukirudi linganisha alama yote, tarakimu kwa tarakimu, kisha mtumie sahihi kwa caff, programu ya kutia sahihi funguo za wenzako na kuwatumia kwa barua pepe, wiki hiyohiyo. Wapo wanaosubiri sahihi walizoahidiwa tangu mkutano wa mwaka juzi.